Pedali za klipi: mwongozo kamili wa kutoa mguu kabla hujaanguka, na la kufanya ukishaanguka

Mara ya kwanza kuanguka na pedali za klipi, zile zinazonasa kiatu, nilikuwa nimesimama. Sio kwa kona, sio kwa ule mteremko wa Riat ambao nilikuwa nimetoka kuushuka kutoka Kiboswa na spidi mpaka macho yanatoa machozi. Ni pale chini Mamboleo, hapa Kisumu, matatu ikasimama mbele yangu kushukisha mtu, nikashika breki vizuri, baiskeli ikasimama vizuri, halafu nikavuta mguu nikanyage chini na mguu haukuja. Nikavuta tena. Ilikuwa kama sekunde moja hivi lakini mpaka leo naikumbuka yote, venye baiskeli ilianza kulala upande wa kulia, upande wa barabara, venye niliona taili ya Probox ikipita karibu na uso, na mkono wangu ukatangulia kushika lami. Mama mmoja anayeuza omena hapo kando akaja mbio akanishika kwapa. "Woi, pole mtoto wangu, kwani hicho kiatu kimegandana na baiskeli?" Nikamwambia ndio mama, kimegandana. "Basi kivue kwanza ndio usimame."

Kifundo cha mkono kilifura, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nafungua chupa ya maji na meno. Tangu hapo nimewafunza watu kadhaa wa grupu yetu ya Jumapili kutumia hizi pedali, na nimeona venye watu wanaanguka. Karibu wote wanaanguka venye mimi nilianguka, yaani polepole au wakiwa wamesimama kabisa, na karibu wote wanafanya kosa lile lile na mguu. Hilo kosa linaweza kuondolewa na mazoezi ya jioni mbili tatu, ndio maana naandika hii yote.

Kwanza elewa kinachokushika

Chini ya kiatu kuna kliti, kile kipande kidogo cha chuma ama plastiki kinachofungwa kwa bolti. Pedali nayo ina mdomo wenye springi. Ukikanyaga, kliti inaingia, unasikia "tak!", umenaswa. Sasa ukivuta mguu juu, haitoki, manake hiyo ndio kazi yake, ukipanda mlima uweze kuvuta bila mguu kuchomoka. Ukivuta nyuma haitoki. Ukisukuma mbele haitoki. Njia ya kawaida ni moja: ncha ya kiatu ikae palepale, kisigino kiende nje, mbali na baiskeli, kama mtu anayezima kipande cha sigara chini na kiatu. Kwa pedali za SPD, aina moja ya kampuni ya Shimano, na kliti ya kawaida ni kama nyuzi 13 tu halafu mdomo unafunguka.

Shida iko kwa mwili. Mtu akishtuka mguu wake unavuta juu na kuingia ndani, hakuna aliyekufunza hivyo, umezaliwa nayo, na huo ndio upande hasa ambao pedali imetengenezwa isikuachilie. Halafu ukivuta kwa nguvu zaidi, unajivuta na baiskeli yote.

Kuna kitu cha kujua kuhusu zilikotoka, kinasaidia kuelewa. Kampuni ya LOOK ya mji wa Nevers, Ufaransa, ilikuwa ya kutengeneza vifaa vya kushikilia viatu kwa ski, yale mabao ya kuteleza kwa theluji, na hivyo vifaa lazima vishike mguu lakini viuachilie mtu akianguka asivunjike. Wakachukua hiyo akili wakaileta kwa pedali mwaka 1984, na 1985 Mfaransa Bernard Hinault akashinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France akiwa nazo. Kabla ya hapo watu walikuwa wanatia vidole ndani ya kikapu cha chuma na kufunga mkanda, na ukitaka kutoka lazima uiname ulegeze mkanda kwa mkono. Hicho kikapu Wazungu ndio walikuwa wanakiita klipi, ndio maana kwa Kiingereza hizi pedali mpya zina jina la kusema hazina klipi, na sisi huku tunaziita za klipi, na wote tunamaanisha kitu kimoja.

Sasa angalia. Kwa ajali kubwa, ya spidi, mwili unarushwa na baiskeli inaenda kwake, miguu inapindwa kwa nguvu kuliko springi, na mara nyingi pedali inaachilia yenyewe bila wewe kufikiria. Sio kila mara, hakuna wa kukuahidi hivyo, lakini mara nyingi. Mimi nimeanguka hivyo mara moja, kwa changarawe, na sikumbuki kutoa mguu, nilijipata tu nimelala huku na baiskeli iko kule. Lakini ukianguka umesimama hakuna kitu cha kuupinda mguu. Baiskeli inalala nawe pamoja kama mlango unaofungwa. Mguu usipoupinda wewe mwenyewe, haupindwi na mtu.

Kabla ya kununua

Kama baiskeli ni ya kwenda sokoni, ya kubeba mtoto shule, ama ya boda ya kubeba abiria, achana nazo kabisa. Nasema hivyo na mimi nazipenda. Abiria akitikisika na wewe umenaswa, mnaanguka wawili. Pedali bapa yenye pini ndogo za kushika soli inakutosha, na hakuna aibu yoyote. Pia kama bado hujaweza kuendesha ukiangalia nyuma juu ya bega bila kuyumba, ngoja kwanza, hiyo ujifunze na pedali bapa.

Ukiamua kuzichukua, ya kuanzia nakuambia uchukue zile za bolti mbili, za SPD, ambazo zimekuwako tangu 1990, kliti ni ndogo ya chuma na inajificha ndani ya soli, unaweza kutembea soko la Kibuye bila kuteleza. Zile za bolti tatu za baiskeli ya mashindano kliti yake ni plastiki kubwa inatokeza nje, na kwa vigae vya duka ama sakafu ya petroli stesheni iliyo na maji unateleza kama uko kwa sabuni. Kuna watu wameumia hivyo, wakienda tu kununua soda.

Ukienda kwa bolti tatu, soma rangi vizuri, manake hapa watu wanachanganya. Rangi inaonyesha mchezo wa kliti, yaani mguu unaweza kucheza nyuzi ngapi kabla uanze kutoka. Kwa Shimano njano ni nyuzi 6, bluu ni 2, nyekundu ni sifuri. Kwa LOOK Keo nyekundu ndio yenye mchezo mkubwa, nyuzi 9, kijivu ni 4.5, na nyeusi ndio sifuri. Umeona? Nyekundu ya huku na nyekundu ya kule ni vitu viwili vinavyopingana. Anayeanza asinunue sifuri, magoti yatalia. Na kliti ya kampuni moja usilazimishe kwa pedali ya nyingine hata kama zinafanana kwa macho, inaweza kuingia halafu isitoke.

Kwa SPD kuna kliti mbili za kujua, namba imechapwa juu yake. SH51 ni nyeusi, ndio huja na pedali nyingi, inatoka kwa kupinda kisigino peke yake. SH56 ni ya rangi ya fedha, inatoka kwa kupinda lakini pia inaweza kutoka ukiuvuta mguu juu kwa nguvu na kwa pembe. Kwa mwanafunzi SH56 ni nzuri sana kwa sababu inakubaliana na lile kosa la mwili nililosema. Ubaya wake ni kwamba ukipanda mlima ukivuta kwa hasira inaweza kuchomoka saa hutaki, kwa hivyo usisimame kwa pedali ukakamua kama wa mashindano. Anza nayo, ukizoea uamue.

Viatu vya mtumba sasa, manake wengi wetu ndio tunanunua. Kwanza geuza uhesabu matundu, mawili ama matatu, ndio usirudi nyumbani na kiatu kisichoingiana na pedali yako. Halafu shika soli kwa vidole ujaribu kuibandua pale mbele na pale kisigino, ikunje, isikilize. Viatu vimekaa kwa kontena na stoo miaka, nje vinang'aa lakini gundi imekufa, soli nyingine inakuwa unga kabisa. Kijana mmoja wetu alipinda mguu kutoka karibu na Kisian, mguu ukaja na ngozi ya juu ya kiatu, soli ikabaki kwa pedali. Bahati hakukuwa na gari. Na kama kiatu ni cha kamba, kamba zichomeke ndani kila siku, manake kamba ikijiviringa kwa ekseli ya pedali, hata ukitoa kliti vizuri bado umefungwa.

Kufunga na kulegeza

Pedali ya kulia inafungwa kawaida. Ya kushoto inafungwa kinyume, nyuzi zake za skrubu zimegeuzwa. Tafuta herufi L na R zimechapwa, L ni kushoto. Fundi asiyejua atailazimisha, ataharibu nyuzi za kranki, ule mkono unaoshika pedali, na pedali itachomoka siku moja ukiwa mlimani. Paka grisi kwa nyuzi, anza kwa vidole, ikikataa vidole usichukue spana, itoe uanze upya.

Kliti iweke chini ya ule mfupa unaotokeza nyuma ya dole gumba, ama nyuma yake kidogo. Kaa kwa meza miguu ikininginia uone vidole vyako kwa asili vinaangalia wapi, wengine nje kidogo, wengine mbele moja kwa moja, kliti ifuate mguu wako, sio mguu ufuate kliti. Grisi kwa bolti, alan kii (spana ya pembe sita) namba 4, kaza nyutoni mita 5 mpaka 6. Kama huna kifaa cha kupima, kaza mpaka kiatu kianze kugeuka mkononi mwako, ongeza kidogo, halafu baada ya kilomita kumi za kwanza rudia kukaza. Hiyo ya kurudia usiiruke. Kliti huwa inajikalisha kwa soli na bolti zinalegea.

Halafu springi. Hii ndio dakika tano inayookoa watu wengi na karibu hakuna mtu anaifanya. Kwa SPD nyingi kuna skrubu ndogo ya alan kii namba 3, na kama pedali inaingia pande zote mbili, basi kila pedali ina skrubu mbili, jumla nne. Izungushe kuelekea alama ya kupunguza (−), utasikia inaruka hatua kwa hatua, tik, tik, mpaka iwe laini kabisa, lakini ukiona skrubu inataka kutoka kwa kibati chake, simama, rudisha hatua moja. Fanya zote nne ziwe sawa. Watu wanalegeza upande mmoja wanasahau wa pili, halafu leo mguu unatoka rahisi, kesho pedali imegeuka unatoka kwa shida, na unaona kama ni wewe una kasoro. Pedali za duka huja zikiwa ngumu kiasi, sio za kuanza nazo. Crankbrothers, kampuni nyingine ya pedali, haina skrubu ya springi, yao unabadilisha kliti ya kulia na ya kushoto na unapata nyuzi 15 ama 20 za kutoka, chukua 15.

Mazoezi, usiyaharakishe

Jioni ya kwanza usitoke nyumbani. Simamisha baiskeli kando ya ukuta, ushike dirisha ama mlingoti, kaa kwa kiti, ingiza mguu wa kushoto, toa. Ingiza, toa. Mara hamsini. Halafu wa kulia hamsini. Usiangalie chini baada ya mara kumi za kwanza, macho yawe mbele kama uko barabarani. Unapotoa, mguu uwe chini kabisa kwa mzunguko, mahali goti limenyooka zaidi, hapo kisigino kina nguvu na kina nafasi. Na sema kwa mdomo, ata kama watoto wa ploti wanakuangalia, sema "kisigino nje". Usiseme "toa mguu". Ukijiambia toa mguu, mwili unavuta juu. Nimeona tofauti hiyo kwa watu wanne sasa, neno unalolitumia kwa mazoezi ndio litakuja siku ya kushtuka.

Jioni ya pili tafuta nyasi, uwanja wa shule ya msingi karibu nawe, ombeni ruhusa kwa mlinzi. Vaa helmeti na glavu. Zunguka na spidi ya mtu anayetembea haraka, toa mguu wa kushoto, endelea kuzungusha na wa kulia peke yake mara tatu nne, ndio usimame. Hapo ndio siri yote iko, kutoa na kusimama ni vitu viwili tofauti na kutoa kunatangulia mbali. Anayeanza anataka kusimama halafu atoe. Kwa hiyo njia unabakiwa na sekunde moja, nayo haitoshi.

Na kwa nini kushoto? Kwa sababu Kenya tunaendesha upande wa kushoto, ukielemea kushoto unaelemea kando ya barabara, ukielemea kulia unaelemea kwa magari, venye mimi nilifanya Mamboleo. Lakini usiishie hapo, manake baiskeli inaweza kuamua kulala upande wa mguu ulionaswa, na hapo mguu uliotoka haukusaidii kitu. Kuna mbinu: ukiwa umeshatoa wa kushoto na baiskeli iko karibu kusimama, sogeza makalio kidogo kushoto na ugeuze usukani kidogo sana kuelekea kulia. Taili inaenda kulia, uzito wako unabaki kushoto, baiskeli inaelemea kushoto penye mguu wako unaingoja. Ijaribu kwa nyasi mara ishirini mpaka uiamini. Mimi hii nilifunzwa nikiwa nimeshaanguka mara tatu na nilijiuliza kwa nini hakuna aliyeniambia mapema.

Jioni ya tatu lete rafiki. Wewe zunguka uwanja ukipiga story naye, yeye akae katikati, na saa yoyote akijisikia apige kelele "gari!" Wewe unatoa na kusimama. Mara ya kwanza utavuta juu, nakuhakikishia, na labda utalala kwa nyasi. Ndio maana tuko kwa nyasi. Endelea mpaka mara kumi mfululizo kisigino kiende nje bila kufikiria. Mtu wa miaka hamsini na mtu wa miaka ishirini wanafika hapo kwa muda karibu sawa, sijaona tofauti kubwa, tofauti ni nani amerudia.

Na hapo hapo kwa nyasi, fanyeni hii: ukiona umechelewa na unalala tu, usitoe mkono kwenda kushika chini. Shika usukani, kiwiko kiingie ndani karibu na mbavu, kidevu kiende kifuani, na ukubali kuanguka na nyama, paja na upande wa bega. Mkono ulionyooka ndio unavunja kifundo ama unapeleka nguvu mpaka kwa mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega. Inahitaji roho, najua, mkono unataka kwenda wenyewe. Lakini kuanguka umesimama, kimo chako tu, ukishika usukani mara nyingi unaamka na vumbi na doa jeusi kwa paja.

Barabarani

Zoea kutoa mguu mapema kuliko unavyodhani. Mita thelathini kabla ya makutano, kabla ya stendi yoyote, kabla ya bampu usiyoijua. Ukitoka Kondele kuingia mjini tembea na wa kushoto nje ama juu tu ya pedali bila kuingiza, mpaka upite. Matatu ikiwa mbele yako na utingo amefungua mlango, toa. Ng'ombe, toa. Trakta la miwa njia za Chemelil na Muhoroni, toa, na uache nafasi, manake miwa inaanguka kwa barabara na ukiikanyaga na taili ya mbele inazunguka kama rola.

Sasa kuna jambo la barabara zetu ambalo ni la kwetu kabisa. Pembe ya lami mahali pengi imeliwa, kutoka lami mpaka udongo ni shimo la urefu wa mkono. Umetoa mguu vizuri, umeelemea kushoto vizuri, unakanyaga, na chini hakuna kitu. Unaenda kwa mtaro na baiskeli juu yako. Kwa hivyo kabla ya kusimama angalia utakanyaga wapi. Kama pembeni imeliwa, simama ndani zaidi ya lami ama tafuta mahali penye lami na udongo ziko sawa, kwa kawaida ni penye watu wanaingilia kwa boma ama duka.

Mlima nao. Ukipanda Riat ama ukipanda kuelekea Maseno, badilisha gia mapema, mapema sana. Mtu akikwama kwa gia nzito mlimani spidi inaisha yote kwa mzunguko mmoja, na mguu unaotaka kuupinda ndio huo huo umeweka uzito wote, haupindiki. Ukisikia spidi imefika ya mtu anayetembea na bado kunapanda, toa sasa, utajiuliza baadaye kama ungeweza kumaliza.

Kwa kona ndogo ya polepole, kama kugeuka barabarani kurudi, angalia kama ncha ya kiatu inagusa taili ya mbele. Kwa baiskeli fremu ndogo inagusa. Usukani unakataa kurudi, umenaswa, unalala. Kabla ya kugeuka weka mguu wa upande wa nje nyuma, usizungushe mpaka umalize kona.

Kwa grupu, sema kwa sauti "nasimama!" Wa nyuma yako pia amenaswa.

Matope ni hadithi yake. Ule udongo mweusi wa Kano ukinyesha unajaza kliti kama saruji, ukiingiza haiingii, ama inaingia nusu, na hiyo ya nusu ndio mbaya zaidi kwa sababu unadhani umenaswa na unachomoka ukikanyaga kwa nguvu, ama unadhani uko huru na umeshikwa. Gonga kiatu kwa pedali mara mbili, tembea na kijiti mfukoni cha kuchokora, na kama safari yote ni ya matope siku hiyo weka pedali bapa. Ukirudi osha na mswaki wa zamani, kausha, tone la oili pale springi inachezea, futa iliyobaki.

Bolti ikipotea

Hii inastahili nafasi yake. Kliti ya SPD inashikwa na bolti mbili. Moja ikidondoka, unapopinda kisigino kiatu kinazunguka lakini kliti inabaki palepale kwa pedali, inazungukia ile bolti moja. Unapinda, unapinda, mguu umeangalia Uganda, na haufunguki. Mtu asiyejua anapinda kwa nguvu zaidi mpaka anasimama na kuanguka.

Ukisikia mguu unageuka kupita kiasi bila "tak", usisimame. Endelea kuzungusha polepole. Toa mguu wa pili, ule mzima, simama ukielemea upande wake, hata kama ni wa kulia, kwa hivyo tafuta kwanza mahali pa kutoka barabarani kabisa. Ukishakanyaga chini, fungua kiatu kilichonaswa na utoe mguu, kiatu kibaki kwa pedali. Ni kile kile mama wa omena alikuwa ananiambia. Halafu na mikono miwili unakitoa taratibu kwa kulegeza springi na alan kii. Kwa hivyo beba alan kii namba 3 na 4 na bolti moja ya akiba, iko na uzito wa ufunguo wa kufuli.

Kuzuia: kila Jumamosi usiku, kabla ya safari, shika kliti kwa vidole uitikise. Ikicheza kwa soli, kaza. Kliti ya chuma ikiwa imelika mdomo wa mbele umekuwa mwembamba, badilisha zote mbili pamoja. Ya plastiki huwa na alama za rangi kwa kingo, zikishafutika muda wake umeisha. Kliti iliyochakaa hukosea pande zote mbili, inatoka bila kuombwa na inakataa ikiombwa.

Ukishaanguka

Usirukie juu kuokota baiskeli, najua wote tunafanya hivyo kwa sababu watu wanaangalia. Kwanza toka barabarani. Kama ni mwenzako amelala na analalamika shingo ama amezimia, msimuinue na kumpandisha kwa boda, simamisheni magari, toeni miguu yake kwa pedali kwa kuvua viatu ama kulegeza springi bila kumgeuza mwili, pigeni 999 ama 112, Msalaba Mwekundu ni 1199. Aliyegonga kichwa, hata akisema yuko sawa, asiendeshe siku hiyo na asiachwe peke yake usiku, na kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akianza kuchanganyikiwa ama kusinzia vibaya, ni hospitali saa hiyo hiyo. Helmeti iliyogonga inatupwa, hata kama ufa hauonekani.

Michubuko ioshwe na maji safi mengi na sabuni mpaka changarawe yote itoke, ukiiacha inabaki chini ya ngozi, na uliza kuhusu sindano ya pepopunda kama hukumbuki ya mwisho ulipata lini.

Kifundo cha mkono nataka nikiseme peke yake. Nyoosha dole gumba juu, utaona kishimo kinatokea chini yake upande wa kifundo. Bonyeza hapo. Kama panauma baada ya kuanguka na mkono, kuna mfupa mdogo hapo ndani ambao ukivunjika unaweza usionekane kwa eksirei ya kwanza, na ukiachwa unaweza kukataa kuunga kwa sababu damu yake ni kidogo. Mimi niliambiwa hakuna kitu, nikarudi kuendesha. Mwambie daktari wazi kwamba kishimo kinauma, omba mkono ufungwe, na urudi kwa eksirei nyingine baada ya siku 10 mpaka 14. Mtulinga ukivunjika utaujua, bega linashuka na huwezi kuinua mkono, funga mkono kifuani na leso ama kanga uende. Mtu mzima ambaye ameanguka na nyonga na hawezi kukanyaga asilazimishwe kukanyaga.

Baiskeli nayo, kabla ya kupanda tena: zungusha kranki uone kama ekseli ya pedali imepinda, itaonekana inayumba. Angalia mdomo wa pedali kama umejaa changarawe, kliti kama imegeuka kwa soli, bolti zote mbili ziko. Ingiza na utoe kila mguu mara tano ukiwa umeshika mti, na ule mguu ulioumia jaribu mara kumi, manake kifundo kikiuma hakitapinda vizuri na hutajua mpaka ufike makutano. Kikikataa, legeza springi zote mpaka mwisho, ama urudi nyumbani na mguu huo juu ya pedali bila kuingiza, polepole, na mwenzako nyuma yako upande wa kulia.